Klachi na stata: jinsi ya kujua ugonjwa uko wapi kabla gia boksi haijashushwa

Gari ya manual ikigoma kuwaka watu wanakimbilia kununua stata, ikigoma kuingia gia wanakimbilia klachi pleti, na fundi akiona mwenye gari ana haraka wala habishani naye, anashusha gia boksi, jioni unalipa. Afu unakuta tatizo lilikuwa mafuta ya klachi yamepungua, au kichwa cha betri kimelegea, au waya wa ethi, ule unaounganisha injini na bodi, umeachwa unaning'inia. Sasa hapa naeleza namna ya kupima mwenyewe kwa vitu vya kawaida tu, ili ukifika gereji uwe na jibu, au basi nusu ya jibu. Mifano mingi nitachukua kwenye Hiace za dizeli, zile za injini 2L, 3L na 5L, kwa sababu ndo zimejaa barabarani kwetu na ukizielewa hizo nyingine hazikusumbui, ila nitagusa na Suzuki Carry, kirikuu, maana yenyewe klachi yake inavutwa na waya na ina vituko vyake.

Nazichanganya klachi na stata makusudi. Hivi vitu viwili vinakutana sehemu moja, kwenye flaiwili, lile duara zito la chuma nyuma ya injini. Usoni mwake ndo klachi pleti inapobanwa, na ukingoni mwake kuna meno, stata ukiipiga inatoa kapinioni kake kanaruka kuingia kwenye yale meno na kuzungusha injini. Kwa hiyo ukishusha gia boksi kwa ajili ya klachi umeshafika nyumbani kwa stata, na ukitoa stata umepata dirisha la kuchungulia klachi. Afu kuna magari yana kaswichi pale juu ya pedali ya klachi, usipoikanyaga mpaka chini stata haipigi kabisa, na hapo mtu anabadilisha stata nzima kumbe ni kaswichi kanakotosha kwenye kiganja.

Kabla hujagusa chochote weka gia nyutro, vuta hendibreki, weka gogo au jiwe kwenye tairi. Sisemi hili kwa kujaza maneno, vipimo kadhaa hapa chini stata inazunguka hakuna mtu kwenye usukani, na gari ikiwa na gia inaruka mbele na wewe uko chini yake. Na usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, weka stendi au magogo ya maana.

Stata: anza na masikio

Ukizungusha ufunguo gari inakuambia yenyewe, shida watu hawasikilizi, wanazungusha tena na tena mpaka betri inakufa kweli. Washa taa kubwa kwanza, afu piga stata huku unaangalia mwanga kwenye ukuta au mwambie mtu asimame mbele akutazamie.

Ukisikia tak-tak-tak-tak ya haraka haraka na taa zinapepesa, hapo betri haina nguvu au vichwa vya betri vimeota ule ungaunga mweupe au wa kijani. Stata haijahusika, iache. Ukisikia tak moja tu nzito afu kimya, na taa hazijafifia, hiyo ndo stata yenyewe, na kwenye Toyota nyingi mara nyingi ni shaba za ndani, nitazirudia. Tak moja na taa zikazima kabisa, ujue umeme unakatika njiani, kichwa cha betri au waya mkubwa, au stata imejam au injini yenyewe imekaza. Kimya kabisa, hakuna tak, taa zinawaka vizuri, hapo umeme mdogo wa kuamsha stata haufiki, angalia fyuzi, rilei, swichi ya ufunguo, na kale kaswichi ka pedali kama gari yako inako. Ikizunguka taratibu kama imechoka, nguuu... nguuu..., betri, waya au stata imeanza kukwaruza ndani. Ikilia wiiii inazunguka kwa kasi lakini injini haigeuki, bendiksi, ile inayobeba pinioni, haishiki. Ikikwaruza krrrr kama inasaga mawe, ni meno, ya pinioni au ya flaiwili, na hapo usiendelee kuipiga kwa hasira maana kila ukipiga unayala mengine.

Na kama injini inazunguka vizuri kabisa, kwa kasi ile uliyoizoea, ila haiwaki, basi acha stata, stata imemaliza kazi yake. Tafuta mafuta, hewa kwenye mfumo wa dizeli, hita plagi, au plagi na koili kama ni ya petroli. Ajabu ni wangapi wanabadilisha stata kwa tatizo hili.

Sasa chukua multimita, zile za bei rahisi zinatosha. Betri ikiwa imepumzika masaa kadhaa inatakiwa isome kama volti 12.6, ikisoma 12.4 imepungua kidogo, ikisoma 12.0 hiyo karibu imekwisha hata kama taa za ndani zinawaka. Afu mwambie mwenzio apige stata wewe ukiwa umeshikilia waya za multimita kwenye betri, isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikishuka mpaka 7 au 8, chaji betri kwanza urudie, na ikiwa imechajiwa vizuri na bado inashuka, betri imekufa, usijidanganye kwa kuongeza maji. Gari ikishawaka pima tena, iwe kati ya 13.8 na 14.5, chini ya hapo oltaneta haichaji na hata ukinunua betri mpya itakufa vilevile.

Kipimo ambacho mafundi wengi wa mtaani hawakifanyi, na binafsi naona ndo bora kuliko vyote, ni kupima umeme unaopotelea njiani. Weka mguu mwekundu wa multimita kwenye kichwa chenyewe cha chanya cha betri, sio kwenye klipu, mguu mweusi kwenye ile bolti kubwa ya stata inayopokea waya wa betri, afu mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya huo umeoza ndani au umelegea. Afu fanya upande wa pili, mweusi kwenye kichwa hasi cha betri na mwekundu kwenye mwili wa stata pale kwenye chuma safi, ikizidi 0.3 hivi ethi yako ni mbovu. Dakika tano hazifiki, na umeshajua kama ni waya au ni stata. Hiace betri iko mbali kidogo na stata, waya ni mrefu, na kwa gari za pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, chumvi inaingia kwenye maungio ya waya, unauona mzima kwa nje kumbe ndani ya plastiki shaba imegeuka unga wa kijani.

Kama betri nzima na waya nzima na unasikia tak moja, basi ni hizo shaba. Stata za Denso zilizopo kwenye Toyota nyingi ndani ya solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, zina vipande viwili vya shaba, na kisahani kinachokuja kuvigonga vyote viwili ili umeme mkubwa upite. Kila ukiwasha kinagonga na cheche inaruka, shaba inalika, hasa upande mmoja, mpaka siku inafika kisahani kinagonga kimoja tu. Ndo unapata ile hali ya kuzungusha ufunguo mara tatu nne tak, tak, tak, ya tano inawaka kama hakuna kilichotokea. Dalili hii ukiiona usinunue stata. Toa waya hasi wa betri KWANZA, fungua stata, kava la nyuma ya solenoidi lina bolti tatu ndogo, ndani utaona shaba zimechimbika kama ngazi. Zinauzwa peke yake, bei yake haifanani hata kidogo na stata nzima, unazibadilisha, na kisahani ukikikuta kimechimbika sana unakisugua kwa msasa au unabadilisha pia. Ukiwa humo angalia na kaboni, zile zinazopeleka umeme kwenye amecha, zikibaki fupi badilisha, na zungusha amecha, ile sehemu ya katikati inayozunguka, kwa mkono usikilize kama bushi au beringi zinacheza. Stata inayopiga vizuri asubuhi na kugoma mchana injini ikiwa ya moto, mara nyingi bushi zimelika, amecha inagusa pembeni na joto linamalizia.

Ile ya kugonga stata kwa spana, ndiyo, inafanya kazi, mtu mmoja anapiga stata mwingine anagonga taratibu kwenye mwili wake. Inaamsha kaboni zilizokwama. Lakini hiyo ni ya kukutoa porini, isiwe maisha. Nimeona daladala konda ana nyundo yake maalum chini ya siti kwa kazi hiyo, kila kituo cha mwisho anashuka nayo.

Usipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo, iache ipumzike hata nusu dakika, ikiwezekana dakika nzima. Na ikitokea gari imewaka halafu stata inaendelea kulia hata ukiachia ufunguo, shaba zimeshikana ndani, kuzima ufunguo hakutasaidia, kimbilia betri utoe waya. Kwa hiyo vichwa vya betri vikazwe vizuri lakini spana ya kuvifungua ikae karibu.

Waya wa ethi unaotoa moshi kwenye klachi

Hii naipa sehemu yake kwa sababu inapoteza watu hela nyingi mno. Injini imekaa juu ya raba, raba hazipitishi umeme, kwa hiyo kuna waya mnene au mkanda wa shaba uliosukwa unaounganisha injini au gia boksi na bodi. Kwenye gari nyingi umeme wa stata unarudi kupitia hapo. Sasa fundi anashusha gia boksi kubadilisha klachi, anafungua huo waya, wakati wa kurudisha bolti moja inabaki, waya unaachwa, au anaufunga juu ya kutu na rangi.

Umeme wa stata ni mwingi, mamia ya ampea, lazima utafute njia ya kurudi. Kwenye kirikuu njia iliyopo ni waya wa klachi na waya wa pedali ya mafuta, maana ni vya chuma na vimeunganisha bodi na injini. Unapiga stata inazunguka kwa uvivu, unapiga tena, afu unaona moshi mwembamba karibu na pedali na harufu ya plastiki inayoungua. Ukishika waya wa klachi ni wa moto. Siku mbili baadae klachi inakuwa ngumu kukanyaga kwa sababu ile plastiki ya ndani ya waya imeyeyuka ikaganda, mtu anabadilisha waya wa klachi, mpya nao unaungua, anaambiwa klachi pleti, anaambiwa stata, kumbe ni mkanda wa ethi na bolti yake moja ya namba 12. Gari yoyote iliyotoka kushushwa gia boksi na stata ikawa dhaifu ghafla, anza hapa. Njia ya haraka ya kuthibitisha ni kuchukua waya wa kubusti, wa kuazima umeme wa betri ya gari nyingine, ule mweusi, ufunge upande mmoja kwenye kichwa hasi cha betri na mwingine kwenye chuma safi cha injini, piga stata. Ikizunguka kwa nguvu, umepata.

Kubusti na kusukuma

Kubusti kuna mpangilio wake. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na nyeusi ya mwisho funga kwenye chuma cha injini ya gari iliyokufa, mbali na betri, kwa sababu betri inatoa gesi inayoshika moto na cheche ya mwisho hutaki iruke juu yake. Na angalia volti, malori mengi yana betri mbili za volti 12 zilizoungwa kuwa 24, ukiunganisha hiyo na Hiace yako ya 12 utachoma vitu ambavyo hata majina yake huyajui.

Kusukuma gari: ufunguo uwe on, gia namba mbili, klachi chini, vijana wasukume mpaka ifike kasi ya mtu anayekimbia polepole, achia klachi kwa haraka, ikishika tu ikanyage tena upige resi. Gia namba moja inakaza tairi, unawaumiza vijana bure. Mambo mawili hapa yanachanganya watu. La kwanza, dizeli hizi za 3L zina kasolenoidi kwenye pampu kanakofungua mafuta, kanahitaji umeme, kwa hiyo betri ikiwa imekufa hadi taa ya dashi haiwaki, hata msukume hadi Chalinze haiwaki. La pili, ukiachia klachi na injini haigeuki, gari inaendelea kuteleza tu kama bado umekanyaga, hongera, umegundua kwamba klachi nayo imekwisha.

Klachi: usishushe gia boksi mpaka umeangalia mafuta

Kwenye Hiace klachi inaendeshwa na mafuta ya breki. Pedali inasukuma masta ya juu, mafuta yanapita kwenye paipu mpaka masta ya chini iliyofungwa kwa nje pembeni ya gia boksi, hiyo inasukuma uma, uma unasukuma beringi, beringi inaachilia presha pleti, ile inayoibana klachi pleti kwenye flaiwili. Kitu kimoja katika huo mnyororo kikizembea, gia haziingii, na vyote hivyo isipokuwa beringi na presha unavifikia bila kushusha chochote.

Kwa hiyo gia zikianza kuwa ngumu, au rivasi inakwaruza, fungua kopo la mafuta ya klachi. Limepungua? Hayo mafuta hayachomwi, yakipungua yanavuja mahali. Pitisha vidole nyuma ya pedali pale masta ya juu inapoingia ndani ya gari, ukikuta umajimaji au zulia limelowa, masta ya juu imekwisha raba. Nenda chini, vuta kifuniko cha raba cha masta ya chini, kikimwaga mafuta, hiyo imekwisha. Zote zina ripea kiti, raba tu na springi, lakini ukikuta ndani ya silinda kumechubuka raba mpya haitakaa mwezi, nunua nzima.

Kuna ile ambayo haivuji nje popote lakini klachi inakukimbia. Ipime hivi, washa gari, sehemu tambarare na mbele pasiwe na mtu, kanyaga klachi mpaka chini, weka gia namba moja, tulia na mguu palepale dakika nzima. Gari ikianza kunyemelea mbele polepole yenyewe, masta ya juu inapitisha mafuta ndani kwa ndani. Ukipampu pedali mara mbili tatu gia ikaingia vizuri, ni hiyohiyo au kuna upepo.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Jaza kopo mafuta ya breki, DOT 3 ndo ya kawaida, usiweke oili ya injini wala haidroliki, raba zinavimba zote na utanunua mfumo mzima. Chomeka kapaipu kanakoonyesha ndani kwenye nipo ya masta ya chini, kale kabolti ka kutolea upepo, ncha nyingine kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mmoja anakanyaga pedali anashikilia chini anasema "nimeshikilia", wa chini anafungua nipo nusu mzunguko, mafuta na mapovu yanatoka, anafunga, ndo wa juu anaachia. Asiachie kabla, vinginevyo unavuta upepo upya. Pedali ikilala chini bila kurudi, ivute juu kwa mkono, ni kawaida mwanzoni. Endelea mpaka mapovu yaishe na usiache kopo likauke katikati. Yakimwagika kwenye rangi ya gari mwagia maji haraka, yanaivua.

Kirikuu haina hayo, ina waya na nati ya kurekebisha. Pedali inatakiwa iwe na mchezo kidogo juu kabla haijaanza kukaza, sentimita moja hadi mbili hivi. Mchezo ukiwa mkubwa klachi haiachii vizuri, gia zinakwaruza. Usipokuwepo kabisa, klachi haishiki vizuri, inaslipi, inaungua, na hapo mtu anauziwa pleti wakati nati ilikuwa inahitaji mizunguko michache.

Inaslipi, haiachii, au inalia?

Kuslipi ni pale unakanyaga mafuta, mshale wa resi unapanda, gari haiendi. Inaanzia kwenye gia kubwa na mzigo, kupandisha mlima Kitonga umejaza abiria ndo unaisikia kwanza. Ukitaka kujua mapema, tafuta barabara tupu, kama 50 kwa saa gia namba nne au tano, kanyaga mafuta ghafla. Resi ikiruka bila kasi kuongezeka, pleti imelika au ina oili. Kabla hujahukumu fanya kitu kimoja, fungua nipo ya masta ya chini mafuta yatoke kidogo afu funga, ujaribu tena. Kuslipi kukipungua ghafla, kulikuwa na presha imenaswa kwenye mfumo kwa sababu masta ya juu hairudi vizuri au paipu ya raba imeziba, inakuwa kama kuna mtu amekanyaga klachi kidogo muda wote. Pleti nzima kabisa inaungua kwa sababu hiyo.

Kutokuachia ni kinyume chake. Gari inawaka nyutro, kanyaga klachi, hesabu sekunde tano, weka rivasi. Ikikwaruza maana yake pleti bado inazunguka. Ukishatoa upepo na masta zikawa nzima na bado inakwaruza, ndo sasa tatizo liko ndani, uma umepinda au umechimbika, presha imevunjika vidole, au pleti imepinda. Gari iliyolala miezi au iliyoingia maji ya mafuriko, pleti inashikana na flaiwili kwa kutu, hiyo inaweza kuachia ukiipasha injini moto afu ukaiendesha mahali pa wazi umekanyaga klachi mpaka chini huku unaachia na kukanyaga mafuta.

Milio: gari inaunguruma nyutro, ukikanyaga klachi mlio unaisha, hiyo ni beringi ya shafti ya mbele ya gia boksi, sio klachi. Ukikanyaga ndo mlio unaanza, sssss au kama mluzi wa chuma kavu, hiyo ni beringi ya klachi, ile inayosukuma presha. Ikiachwa inasagika na kula vidole vya presha, siku hiyo pedali inakwenda chini na gari inasimama katikati ya foleni.

Kutetemeka wakati wa kuondoka, watu wanasema pleti tu, lakini angalia kwanza raba za injini na gia boksi, afu uvujaji wa oili kwenye sili ya nyuma ya injini. Pleti ikipata oili kidogo tu inatetemeka, ikipata nyingi inaslipi.

Dereva anayepumzisha mguu kwenye pedali, na yule anayeshikilia gari kwenye mlima kwa klachi badala ya hendibreki, hao wanalipa gereji mishahara. Mguu ukae pembeni.

Klachi imekufia njiani

Pedali imelala, upepo umejaa, huna fundi. Hapa ndo stata inakuja kumsaidia mwenzie. Zima gari, weka gia namba moja ikiwa imezimwa, mbele pawe wazi kabisa, kanyaga pedali hata kama haifanyi kitu ili ile swichi ikubali, zungusha ufunguo. Stata itaisukuma gari na injini itashika ikiwa inatembea. Unaenda hivyohivyo na gia namba moja au mbili, na kama una mkono mwepesi unaweza kubadilisha bila klachi kwa kuachia mafuta, kutoa gia nyutro, na kuingiza nyingine resi zikilingana. Ukitaka kusimama itoe nyutro mapema. Ni ya kukufikisha gereji ya karibu tu, stata inaumia, na kwenye foleni ya mjini usijaribu kabisa, vuta gari.

Ikibidi kushusha

Kazi ya kushusha gia boksi ya Hiace, propela ikatolewa na yote, ndo gharama kubwa, sio pleti. Kwa hiyo usiweke pleti mpya kwenye presha ya zamani na beringi ya zamani kisa unabana hela, weka seti nzima, na sili ya nyuma ya injini ikiwa imelowa hata kidogo ibadilishwe siku hiyo. Flaiwili ikiwa na mabaka ya bluu au nyufa ndogo ipelekwe kuskimu, yaani kusawazishwa uso kwa mashine. Kabla hujalipia seti dukani, iwe Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, beba pleti ya zamani, linganisha upana na hesabu meno ya katikati, maana Hiace za injini tofauti hazina klachi moja na muuzaji anaangalia boksi tu. Vumbi la ndani usilipulize kwa hewa wala mdomo, pleti za zamani nyingine zina asbesto, futa kwa kitambaa chenye maji.

Pleti ina upande wake, kile kitovu kilichotokeza kinaangalia gia boksi. Sura ya presha mpya inakuja na oili ya kuzuia kutu, isafishe kwa petroli kwanza. Grisi kwenye shafti iwe kidogo mno, ikizidi inarukia pleti. Pleti isentiwe, yaani ikae katikati kabisa, kwa shafti yake, na bolti za presha zikazwe kwa kukingamana, kidogo kidogo.

Na meno ya flaiwili, hapo ndo wengi wanasahau. Injini ya silinda nne ikizimwa inapenda kusimama sehemu zilezile, kwa hiyo stata inang'ata meno yaleyale miaka yote, yanalika hapo tu na mengine yanabaki mapya. Zungusha flaiwili yote kwa mkono na uangalie jino kwa jino kwa tochi. Yakiwa yamelika, ile ringi ya meno inatoka kwa joto na inawekwa nyingine, kuna mafundi wanaigeuza tu upande wa pili, inaenda, ila mchongo wa kuingilia pinioni unakuwa umeangalia upande usio wake, mi nisingekubali kama ringi nyingine inapatikana. Pinioni ya stata nayo ibadilishwe pamoja, meno mabovu ya mmoja yanamla mwingine.

Ikirudishwa, waya wa ethi ufungwe kwenye chuma kilichosuguliwa, utoe upepo upya, afu gia ikiwa nyutro piga stata kwa vipindi vifupi, uzime, uwashe tena, mara kadhaa, fundi akiwa bado yupo na gari haijashuka kwenye stendi. Ikikwaruza hata mara moja mwambie asifunge toolbox yake.